Chanjo ya homa ya mafua gerezani: kwa nini mfungwa na askari wachanjwe kwa pamoja

Kila inapotajwa habari ya kuwapelekea wafungwa chanjo ya homa ya mafua, maswali hayakosekani. Kuna wanaouliza kwa nini mtu aliyepatikana na hatia ya wizi apewe bure kitu ambacho bibi yake kijijini hajawahi kukisikia kwenye zahanati ya kata. Kuna wanaohofia kwamba wafungwa wanafanywa watu wa majaribio kwa kuwa hawana pa kukimbilia. Na kuna wengine ambao hawaelewi kabisa kwa nini mtu adungwe sindano kwa ajili ya mafua, ugonjwa ambao nyumbani hutulizwa kwa chai ya tangawizi na usingizi. Maswali hayo yana msingi na yanastahili majibu kamili. Ugumu ni kwamba huulizwa yote kwa mkupuo, kana kwamba ni swali moja, wakati ugonjwa una mambo yake, chanjo ina mambo yake, gereza lina mambo yake, na haki ya mtu aliyefungwa juu ya mwili wake ni suala jingine tena.

Mafua na homa ya mafua

Mafua ya kawaida, yale ya kamasi, chafya na koo linalowasha, huletwa na virusi vya aina nyingi sana, na mara nyingi mtu huendelea na shughuli zake huku akijifuta pua. Homa ya mafua, ambayo madaktari huiita influenza, huletwa na virusi vya jamii yake, nayo haiji polepole. Mtu anatoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, na kufikia jioni anatetemeka chini ya blanketi, misuli na viungo vinamuuma, kichwa kinamgonga, kikohozi ni kikavu na hana nguvu ya kusimama. Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili bila dawa maalumu. Wengine hawaponi kirahisi hivyo: ugonjwa hushuka mapafuni ukawa nimonia, au huamsha maradhi ya moyo, pumu au kisukari yaliyokuwa yametulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao bilioni 1 huugua homa ya mafua, milioni 3 hadi 5 kati yao huugua vibaya, na kati ya watu 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana nayo.

Hapa Afrika Mashariki ugonjwa huu huonekana kama haupo, na sababu yake haihitaji utafiti mrefu. Mtu akipata homa, linalofikiriwa kwanza ni malaria. Kipimo kikionyesha hana malaria, huambiwa ana maambukizi ya njia ya hewa, hupewa dawa za kutuliza maumivu, naye hurudi nyumbani bila kupimwa influenza. Lakini palipo na maabara zinazofuatilia, kama Kenya ambako ufuatiliaji umefanyika kwa miaka mingi, virusi hivi huonekana vikizunguka karibu mwaka mzima, tofauti na Ulaya ambako msimu wake mkuu ni wa baridi. Kutopimwa kwa ugonjwa hakuufanyi kuwa haupo.

Jambo moja dogo huwachanganya hata wazazi makini. Watoto wetu hupata chanjo ya Hib ndani ya ile sindano moja inayokinga magonjwa matano, na jina kamili la kimelea hicho lina neno influenza ndani yake. Kimelea hicho ni bakteria. Kilipewa jina hilo kwa sababu mwaka 1892 mtaalamu wa Ujerumani, Richard Pfeiffer, alidhani ndicho kinacholeta homa ya mafua. Virusi vyenyewe vya binadamu vilitambuliwa mwaka 1933 huko Uingereza. Kwa hiyo mtu aliyekamilisha chanjo zote za utotoni bado hana kinga yoyote ya homa ya mafua.

Sindano yenyewe

Chanjo ya sindano haina kirusi kilicho hai. Ndani yake mna virusi vilivyouawa, au sehemu tu za virusi hivyo, ambazo mwili huzitambua kama za kigeni na kuanza kutengeneza kingamwili za kupambana nazo. Kazi hiyo huchukua kama wiki mbili. Ndiyo maana mtu aliyechanjwa Jumatatu anaweza kushikwa na homa ya mafua Ijumaa na kuapa kwamba sindano ndiyo iliyomwambukiza, wakati ukweli ni kwamba alikutana na virusi kabla kinga yake haijawa tayari. Kinachoweza kutokana na sindano ni maumivu ya mkono, uchovu na pengine homa ndogo, na hayo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili.

Swali la kwa nini inarudiwa kila mwaka lina majibu mawili. Kwanza, kinga yake hupungua kadiri miezi inavyopita. Pili, virusi vya influenza hubadilika haraka kuliko virusi vingi tunavyovijua. Vipo vya kundi A, ambavyo kwa sasa aina zinazozunguka kwa binadamu ni H1N1 na H3N2, na vipo vya kundi B. Kila Februari wataalamu huketi kuamua ni aina zipi ziwekwe kwenye chanjo ya nchi za kaskazini mwa dunia, na kila Septemba hufanya hivyo kwa nchi za kusini. Mabadiliko hayo wakati mwingine huwa makubwa: ukoo mmoja wa kundi B, uitwao Yamagata, haujathibitishwa kuonekana popote duniani tangu Machi 2020, na kwa sababu hiyo chanjo iliyokuwa na aina nne imerudishwa kuwa na aina tatu.

Nguvu yake ni ya wastani, na ni vizuri hilo lisemwe wazi. Katika miaka ambayo aina zilizochaguliwa zinalingana na zile zinazozunguka, hupunguza kwa takriban asilimia 40 hadi 60 uwezekano wa mtu kuugua kiasi cha kwenda hospitali kutibiwa. Hiyo ni chini sana ya chanjo ya surua, na mhudumu wa afya anayeahidi zaidi ya hapo anaichimbia shimo kampeni ya mwaka unaofuata. Hata hivyo, anayeugua akiwa amechanjwa ana nafasi ndogo zaidi ya kufikia chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa mzee mwenye kisukari, tofauti hiyo ni kubwa.

Waislamu huuliza kama ndani yake mna kitu cha nguruwe. Chanjo ya kupuliza puani inayotumika Uingereza kwa watoto ina jelatini inayotokana na nguruwe. Chanjo za sindano zinazotolewa huko hazina. Anayetoa chanjo gerezani anapaswa kulijua jibu hilo kabla ya kuulizwa, na kusoma kikaratasi cha chanjo aliyoishika mkononi badala ya kukisia, kwa sababu jibu la kusitasita hapo humaliza imani ya bweni zima.

Kwa nini gerezani

Fikiria daladala iliyojaa wakati wa mvua, madirisha yote yamefungwa, na abiria mmoja katikati anakohoa. Kila aliyemo anavuta hewa ile ile, lakini baada ya nusu saa anashuka. Selo ni daladala ambayo haifiki kituoni: mlango unafungwa jioni, hesabu inapigwa, na watu wanalala ubavu kwa ubavu hadi asubuhi, kisha jioni inayofuata wanarudi mahali pale pale. Aliyeambukizwa homa ya mafua huanza kuwaambukiza wengine kiasi cha siku moja kabla yeye mwenyewe hajajisikia mgonjwa, na dalili huchukua siku 1 hadi 4 kujitokeza. Kwa hiyo nyapara anaporipoti kwamba fulani ana homa, waliolala kulia na kushoto kwake huenda tayari wameshaambukizwa.

Mfano ulioandikwa kwa makini zaidi ni wa miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Aprili 1918, mfungwa aliyekuwa ametoka katika jela ya Los Angeles, ambako wenzake kadhaa walikuwa wagonjwa, alipokewa katika gereza la San Quentin, California, lililokuwa na wafungwa wapatao 1,900. Alikuja akiwa anaumwa. Alichangamana na wenzake uwanjani, akala nao bwaloni na kulala katika chumba kimoja na wapya wenzake. Katika majuma yaliyofuata, kwa makadirio ya daktari wa gereza, Leo Stanley, kama nusu ya wafungwa wote waliugua. Daktari huyo aliona jambo ambalo hadi leo linafaa kusomwa na kila mkuu wa gereza: wagonjwa waliongezeka siku za Jumanne na Jumatano. Alipotafuta sababu, alikuta kwamba Jumapili wafungwa walikuwa wakionyeshwa sinema katika ukumbi uliokuwa nusu chini ya ardhi, umejaa watu na hewa yake ni nzito. Siku mbili tatu baadaye, muda ule ule ambao virusi huhitaji kumwangusha mtu, foleni ya zahanati ilikuwa imerefuka. Ugonjwa ulirudi gerezani humo Oktoba na tena Novemba mwaka huo huo.

Mwaka 2020 gereza hilo hilo lilipitia jambo linalofanana, safari hii kwa UVIKO-19. Mwishoni mwa Mei, zaidi ya wafungwa 120 walihamishiwa hapo kutoka gereza jingine la jimbo hilo lililokuwa na maambukizi, wengi wao wakiwa na vipimo vya muda mrefu uliopita. Kabla ya mlipuko kwisha, wafungwa zaidi ya 2,000 walikuwa wameambukizwa, na wafungwa 28 pamoja na ofisa mmoja walikuwa wamefariki. Virusi ni tofauti na miaka iliyopita kati ya matukio hayo ni 102, lakini njia ya kuingilia ilikuwa ile ile, yaani watu waliohamishwa bila kuangaliwa ipasavyo.

Kwetu mahali pa kuhamisha ni karandinga. Mahabusu hutolewa asubuhi, hubanwa pamoja hadi mahakamani, hukaa chumba kimoja na mahabusu wa vituo mbalimbali vya polisi, kesi inaahirishwa, na jioni wanarudishwa gerezani pamoja na wapya. Safari hiyo hurudiwa tena na tena kwa wale ambao kesi zao hazisikilizwi haraka. Ongeza hapo msongamano, ambao nchini Kenya umekuwa ukifikia karibu mara mbili ya nafasi zilizojengwa. Ukuta wa gereza hauzuii hewa kutoka wala kuingia pamoja na watu. Mtu akisema kwamba wafungwa wamejitenga na jamii na kwa hiyo hawahitaji chanjo, anatazama ukuta na kusahau lango, ambalo hufunguliwa kila siku.

Isitoshe, walio ndani si watu wenye afya ya wastani. Duniani kote kifua kikuu na VVU hupatikana zaidi magerezani kuliko mitaani, na magonjwa yote mawili humfanya mtu aliyepata homa ya mafua kuwa katika hatari zaidi. Maisha ya kifungo nayo huuzeesha mwili mapema, kiasi kwamba Uingereza mfungwa wa miaka 50 huhesabiwa tayari kuwa miongoni mwa wazee. Wapo wajawazito. Na wapo watoto ambao hawajahukumiwa kwa lolote: sheria ya Kenya inamruhusu mama aliyefungwa kukaa na mtoto wake hadi mtoto afikishe miaka 4, umri ambao wote umo ndani ya kundi la watoto wadogo wanaohesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya homa ya mafua. Mtu anayepinga chanjo gerezani kwa hoja ya adhabu hana jibu kwa mtoto huyo.

Askari, muuguzi, mpishi

Mjadala mwingi huishia kwa mfungwa, na hapo ndipo unapopotea. Mfungwa wa kifungo kirefu hatoki nje. Anayetoka na kuingia kila siku ni askari magereza, na pamoja naye muuguzi wa zahanati, mwalimu wa ufundi, mtumishi wa dini, wakili na dereva anayeleta mahindi na maharage. Askari ana watoto shuleni, hupanda daladala, huenda sokoni na misibani. Akipata virusi mtaani, anaviingiza. Akivipata ndani, anavipeleka kwa mama yake anayeishi naye kwenye nyumba za kota. Kuwachanja wafungwa peke yao huku lango likiachwa hivyo hivyo ni kufanya nusu ya kazi, na kuwachanja askari peke yao ni kuiacha selo kama ilivyo.

Machi 2011, katika jimbo la Maine nchini Marekani, maofisa wa afya walipata taarifa mbili siku moja: mfungwa mmoja alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na homa ya mafua, na katika gereza jingine la jirani mfungwa alikuwa amekufa kwa ugonjwa ulioshukiwa kuwa huo huo. Uchunguzi ulipofanyika, wagonjwa walipatikana kwa wafungwa na kwa watumishi pia, na waliokuwa wamechanjwa walikuwa wachache. Hatua zilizochukuliwa zilijumuisha dawa za kupambana na virusi na kutoa chanjo kwa pande zote mbili. Dawa ya aina hiyo inayojulikana zaidi ni oseltamivir, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zionekane, na ni gereza gani lenye zahanati ya chumba kimoja litakalowatambua wagonjwa wake wote kwa kasi hiyo?

Kuna pia hesabu ya zamu, ambayo wakuu wa magereza huielewa haraka kuliko hoja za kitabibu. Chukulia mfungwa mmoja amelazwa hospitali ya mkoa na analindwa na askari wawili kwa zamu tatu. Askari sita wameondoka kazini kwa siku kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Wakilazwa watano, ni askari 30, na wakati huo huo wengine kadhaa wamelala nyumbani na homa. Wanaobaki hawatoshi kufungua mabweni, kwa hiyo wafungwa wanafungiwa saa nyingi zaidi, jambo ambalo linaongeza msongamano wa hewa, wageni wanarudishwa langoni na mahabusu wanakosa kupelekwa mahakamani. Mlipuko wa wiki mbili unaweza kusogeza kesi kwa miezi.

Uingereza ina mpangilio unaofaa kuangaliwa kwa mazuri na kwa mapungufu yake. Tangu mwaka 2006 huduma za afya magerezani ziko chini ya mfumo wa afya wa taifa, ule ule unaomhudumia raia wa nje, kwa hiyo mfungwa mwenye umri au ugonjwa unaostahili hupewa chanjo kwa vigezo sawa na jirani yake wa zamani mtaani. Askari, kwa upande wake, kama hana ugonjwa au umri unaomstahilisha, hutegemea mwajiri. Huo ni mkato wa kiutawala ambao virusi havijui. Maoni yangu ni kwamba popote mpango huu unapoanzishwa, siku iwe moja, boksi la baridi liwe moja, na askari aonekane akikunja mkono wa shati kabla ya kumwambia mfungwa afanye hivyo.

Kupewa na kulazimishwa

Hofu ya majaribio haikutoka hewani, na anayeipuuza hataaminika. Mwaka 1957, homa ya mafua iliyoanzia Asia ilipokuwa ikisambaa duniani, watafiti wa serikali ya Marekani walipuliza virusi puani mwa wafungwa 23 wa gereza la Patuxent, Maryland, ili kulinganisha walivyougua na wengine 32 waliopuliziwa virusi hivyo baada ya kupewa chanjo mpya. Mtu aliyefungwa anasemaje "hapana" kwa ofisa anayeshikilia ufunguo? Swali hilo ndilo lililofanya utafiti wa namna hiyo kuwekewa mipaka mikali nchini humo katika miaka ya 1970.

Chanjo inayotolewa leo ni ile ile inayotumika kwa watu huru, iliyokwisha kupimwa na kusajiliwa, na hilo ni tofauti kubwa. Lakini uhalali wa dawa hautoshi bila uhalali wa namna ya kuitoa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela na zilizopitishwa na Baraza Kuu Desemba 2015, zina mambo mawili yanayoshikana hapa. Kanuni ya 24 inasema afya ya mfungwa ni jukumu la serikali, na kwamba anastahili kiwango cha huduma sawa na kilichopo katika jamii, bila malipo na bila ubaguzi. Kanuni ya 32 inataka uhuru wa mfungwa juu ya afya yake uheshimiwe, na ridhaa yake ipatikane baada ya kuelezwa. Moja inampa haki ya kupewa, nyingine inampa haki ya kukataa.

Kwa vitendo, maana yake ni mambo madogo madogo ambayo hufanya tofauti kubwa. Maelezo yatolewe na muuguzi, kwa lugha anayoielewa msikilizaji, na kwa wasiojua kusoma yatolewe kwa mdomo. Nyapara asipewe kazi ya kupanga watu foleni kwa kuwasukuma. Askari asimame mbali kiasi cha kutosikia mazungumzo, kwa kuwa mtu mwenye VVU hatataja hali yake mbele ya sare. Kukataa kusiandikwe kwenye kumbukumbu za nidhamu, na kukubali kusilipwe kwa upendeleo wa kazi nyepesi au chakula cha ziada. Aliyekataa leo aulizwe tena siku nyingine, kwa kuwa wengi hubadili mawazo wakiwaona wenzao wako salama. Haki hiyo hiyo ni ya askari. Jeshi la Magereza lina amri na utii, na ni rahisi mkuu kugeuza chanjo kuwa gwaride, lakini askari aliyelazimishwa ndiye atakayewaambia wafungwa kwamba sindano ni mbaya.

Swali la foleni

Linabaki swali la haki kwa walio nje: kwa nini wao kwanza? Uzoefu unaonyesha kwamba hofu ya wafungwa kupita mbele ya raia mara nyingi ni kinyume cha hali halisi. Wakati wa homa ya mafua ya nguruwe, msimu wa 2009 na 2010, Marekani ilikuwa na chanjo, lakini uchunguzi uliofanywa baadaye ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya jela za mahabusu zilizoulizwa hazikupata chanjo hiyo kabisa. Walisahauliwa. Katika mwongozo wake wa mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani liliwaweka mbele wahudumu wa afya, wenye magonjwa sugu, wazee na wajawazito, na likawataja wanaoishi kwa msongamano, kama magerezani na katika kambi za wakimbizi, miongoni mwa makundi mengine yaliyo hatarini.

Kwa Tanzania na Kenya suala lina ugumu wa ziada ambao si haki kuuruka. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, na watu wazima wengi wanaoipata hulipia wenyewe hospitalini au huipata kwa ajili ya safari, kama mahujaji, ambao hushauriwa kuchanjwa kabla ya kwenda Makka kwa sababu ile ile ya umati. Huduma sawa na ya jamii, kwa hesabu hiyo, ingekuwa huduma ya kutopata. Sidhani kwamba nchi yenye bajeti finyu inapaswa kuanza kwa kumchanja kila mfungwa. Inaweza kuanza na wahudumu wa afya wa magereza, wajawazito, wanaoishi na VVU, wenye kifua kikuu, pumu na kisukari, wazee, watoto walio na mama zao, na askari wanaofanya kazi mapokezi, zahanati na kwenye karandinga. Hao ni wachache wa kuhesabika, wengi wao tayari wana majina kwenye rejista ya zahanati ya gereza, na ndio ambao dozi moja inawafaa zaidi.

Utekelezaji wake pia ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Mtu mzima anahitaji dozi moja tu, jambo linalofaa sana kwa mahabusu ambaye huenda akapewa dhamana wiki ijayo, tofauti na chanjo ya homa ya ini aina ya B inayohitaji dozi kadhaa. Mtoto anayechanjwa kwa mara ya kwanza ndiye anayehitaji mbili, zikipishana kwa wiki nne. Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 bila kugandishwa, kiwango kile kile cha chanjo nyingi za watoto, kwa hiyo friji na maboksi ya kliniki ya mama na mtoto yanatosha. Mahali pazuri pa kuitoa ni mapokezi, wakati mgeni anapopimwa afya na kuulizwa kuhusu kikohozi cha kifua kikuu, badala ya kusubiri kampeni ya mara moja kwa mwaka ambayo nusu ya waliochanjwa watakuwa wameshaondoka.

Hakuna sindano itakayofanya kazi ya dirisha. Kanuni ya 35 ya zile Kanuni za Mandela inamtaka daktari akague mara kwa mara usafi, hewa na mwanga wa gereza na kumshauri mkuu wake, na ripoti hiyo ikitendewa kazi huzuia magonjwa mengi ambayo hayana chanjo. Sabuni, kumtenga mgonjwa bila kumwadhibu, kusimamisha uhamisho kunapokuwa na mlipuko, na zaidi ya yote kupunguza mahabusu wanaosubiri kesi za makosa madogo, yote hayo yanaendelea kuhitajika hata pale ambapo kila mmoja amechanjwa.

Mwenye ndugu gerezani ana la kufanya pia. Akijua kwamba ndugu yake ana pumu, kisukari au anatumia dawa za VVU, aipeleke kadi yake ya kliniki kwa mganga wa zahanati ya gereza, kwa sababu wengi hukamatwa bila kadi na huogopa kujieleza wanapopokewa. Akiwa mwenyewe ana homa na kikohozi, aahirishe kutembelea hadi apone. Na siku ndugu yake anapoachiwa, aulize kama karatasi ya chanjo imo kwenye vitu alivyokabidhiwa, ili kituo cha afya cha mtaani kijue alichanjwa lini na lini atastahili nyingine.